Shirikisho la Wafanyakazi katika Historia ya Tanganyika

Aghalabu neno utamaduni linapotajwa, wengi wetu hufikiria ngoma, mavazi na nyimbo. Lakini namna watu wanavyofanya kazi, na namna wanavyokutana kutetea haki ya jasho lao, ni utamaduni vilevile. Kwa hiyo historia ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi za TFL, yatuhusu sote. Ndani yake mna swali ambalo kila kizazi hulijibu upya: ni nani amsemee mfanyakazi?

Kabla ya ukoloni wazee wetu walifanya kazi kwa ujima. Mkoloni alipoleta kodi ya fedha taslimu, mkulima alilazimika kuacha shamba lake akatafute mshahara. Wengi walisafirishwa kutoka mbali mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa namba ndiyo iliyowatambulisha, si jina. Ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi, na siku isiyokamilisha kazi iliyopimwa haikuhesabiwa. Maneno haya mawili, manamba na kipande, yamebaki katika Kiswahili kama makovu.

Dar es Salaam, vibarua wa bandarini hawakuwa na hata uhakika wa kesho. Kila asubuhi walisubiri kuchaguliwa. Asiyechaguliwa alirudi mikono mitupu. Hao ndio waliotangulia kusimama. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mgomo wa mwaka 1947 haukuishia bandarini, bali uliifuata reli mpaka miji ya bara. Kutokana nao kilizaliwa chama chenye nguvu cha wafanyakazi wa bandari, lakini baada ya ghasia za mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilikivunja. Fundisho likawa wazi: chama kimoja, hata kiwe shupavu namna gani, huvunjika kikiwa peke yake.

Fundisho hilo lilizaa matunda mwaka 1955. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alifika Dar es Salaam akawashauri viongozi wa vyama vidogo vidogo waungane. Mwaka huo huo TFL ilianzishwa, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali na kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika. Watumishi hao walikatazwa kujiunga na TANU, basi chama cha wafanyakazi kilikuwa mlango uliobaki wazi.

Kazi ya Shirikisho ilikuwa kuanzisha vyama pale visipokuwepo, kufundisha viongozi, kukusanya michango na kuketi mezani na waajiri. Kuli, mpishi wa nyumbani, karani na mkata mkonge walijikuta chini ya mwavuli mmoja, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusikilizana. Mngoni na Mnyamwezi waliokutana kama wageni waliagana kama wafanyakazi. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, wananchi waliombwa wasinywe bia hiyo. Hapo mnywaji wa kawaida, asiye mwanachama wa chama chochote, alishiriki mapambano kwa kuacha glasi yake tu.

Hata hivyo, TFL na TANU zilizokwenda bega kwa bega kuutafuta Uhuru hazikukubaliana daima juu ya matumizi yake. Tayari mwaka 1960 mgomo mrefu wa reli ulionyesha kwamba baadhi ya vyama vilitaka kujiamulia mambo yao. Baada ya Desemba 1961 serikali ilisema kwamba taifa changa haliwezi kujengwa kwa migomo, na kwamba wakulima, walio wengi, wasibebeshwe mzigo wa wachache wenye mishahara. Viongozi kadhaa wa vyama walijibu kwamba mfanyakazi asiyeweza kugoma hana silaha. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito. Sheria za mwaka 1962 ziliufunga mgomo kwa taratibu ndefu za usuluhishi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais.

NUTA ilifuatwa na JUWATA mwaka 1978, ikiwa jumuiya ya Chama. Umoja ulipatikana, lakini sauti iliyotoka chini ilipungua. Mwaka 1991 OTTU iliundwa nje ya Chama, na mwaka 2001 TUCTA ikaanzishwa kama shirikisho la vyama vinavyojitegemea. Mto ulizunguka mabonde mengi, ukarudi karibu na mkondo wake wa mwaka 1955.

Tuwafundishe vijana wetu historia hii bila kuificha nusu yake. Umoja bila uhuru wa kusema hugeuka ukimya, na uhuru bila umoja humrudisha kibarua kwenye lango la bandari, akisubiri peke yake. Waliotutangulia walivitafuta vyote viwili kwa jasho lao. Nasi hatuna budi kuvilinda vyote viwili.