Kinasa Pakiti: Historia ya Chombo na Uteuzi wa Jina Lake

Katika makala hii tunakusudia kutazama asili ya chombo kinachosoma mawasiliano yanayopita katika mtandao wa kompyuta. Mfasiri mwenye haraka atakiita kinusi, kwa kufuata Kiingereza. Mwenye hofu atakiita dukizi. Historia yaonyesha kwamba majina yote mawili yana kasoro.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe na wenzake wa Xerox, huko Palo Alto, Marekani, walianza kubuni Ethernet. Kompyuta nyingi ziliunganishwa kwa waya mmoja. Ujumbe ulikatwa vipande, yaani pakiti, na kila pakiti ilizifikia kompyuta zote za waya huo. Kila moja ilitarajiwa kupokea zake na kuziacha zisizo zake. Utaratibu huo ulitegemea uaminifu, kufuli haikuwapo.

Palipotokea hitilafu, mafundi hawakuwa na budi kuona yanayopita. Mwaka 1986 kampuni ya Network General ilitoa chombo kilichoitwa Sniffer. Na mwaka 1988 programu ya tcpdump iliandikwa katika maabara ya Lawrence Berkeley. Shabaha ilikuwa kuutibu mtandao.

Lakini siku hizo maneno ya siri yalisafiri bila kufichwa. Februari 1994 kituo cha CERT, Marekani, kilitahadharisha kwamba wavamizi walikuwa wamekwisha kunasa siri za kuingilia makumi ya maelfu ya mifumo. Mwaka 1995, baada ya wizi wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen alibuni SSH, inayofumba mawasiliano yasisomeke njiani.

Ni dhahiri, basi, kwamba chombo ni kimoja bali nia ni mbili. Kinusi halitoshi, kwani anayenusa hahifadhi kitu. Dukizi humhukumu fundi kabla ya kosa. Kiswahili kinacho tayari kinasa sauti, na hakuna amwitaye mwizi kila mwenye nacho. Kwa hiyo tunapendekeza chombo kiitwe kinasa pakiti, na tendo la kusoma mawasiliano ya watu bila idhini liitwe kudukiza. Hivyo fundi ataandika taarifa yake bila kutiliwa shaka, wala mhalifu hatapata jina la kujisitiri.

Tunawakaribisha wasomaji watoe maoni yao.