Usugu wa Bakteria dhidi ya Antibiotiki za Beta-Laktamu

Usugu dhidi ya beta-laktamu ni uwezo wa bakteria kuendelea kuishi na kuzaliana mbele ya dawa za ukoo wa penisilini: penisilini zenyewe, pamoja na ampisilini na amoksisilini, sefalosporini kama seftriaksoni, karbapenemu kama meropenemu, na aztreonamu. Hakuna ukoo wa antibiotiki unaotumika zaidi duniani. Usugu huu huelezwa mara nyingi kana kwamba bakteria huubuni kwa kuijibu dawa, na lawama ikamwangukia mgonjwa asiyemaliza dozi. Ushahidi wa miaka 80 unaelekea kwingine. Silaha nyingi zilikuwapo kabla ya dawa kufika hospitalini. Kilichobadilika ni wingi wa bakteria wanaozibeba, mahali wanapoishi na kasi ya jeni zao kuhama.

Namna dawa inavyoua

Seli ya bakteria imezungukwa na ukuta wa peptidoglaikani, ambao nyuzi zake huunganishwa na vimeng'enya maalumu kila seli inapokua. Dawa zote za ukoo huu zina pete ndogo ya atomi 4, ambayo Dorothy Hodgkin aliithibitisha kwa eksirei mwaka 1945. Miaka 20 baadaye Donald Tipper na Jack Strominger walieleza kwamba umbo la penisilini linafanana na ncha ya peptidi inayojenga ukuta. Kimeng'enya cha ujenzi huinasa dawa badala ya peptidi hiyo, na hakiwezi kuiachia tena. Ukuta hudhoofika na seli hupasuka. Bakteria huepuka kifo hicho kwa kuivunja pete kwa kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, kwa kuwa na kimeng'enya cha ujenzi ambacho dawa haikinasi, au kwa kuizuia dawa isiingie na kuisukuma nje ikiingia. Njia hii ya mwisho, inayoonekana sana kwa Pseudomonas aeruginosa, mara nyingi huzipa nguvu zile mbili za kwanza.

Usugu uliotangulia tiba

Desemba 1940, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walitangaza kwamba wamepata katika bakteria wa utumbo kimeng'enya kinachoharibu penisilini. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa na kundi lao alidungwa sindano Februari 1941. Tarehe hizo mbili zingetosha kuleta shaka juu ya simulizi ya bakteria wanaojifunza kutoka kwa dawa, lakini upo ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza udongo ulioganda huko Yukon, Kanada, walikuta jeni za beta-laktamasi zenye umri wa takriban miaka 30,000. Hilo halishangazi sana tukikumbuka kwamba penisilini ni zao la kuvu, na kwamba bakteria wa udongo wa jenasi Streptomyces nao hutengeneza beta-laktamu. Majirani wa viumbe hao walihitaji kinga zama nyingi kabla ya binadamu kuwa na duka la dawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda. Katika Hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alikuta sampuli sugu kwa penisilini zimepanda kutoka takriban asilimia 14 mwaka 1946 hadi asilimia 59 mwaka 1948. Alionyesha pia, na huu ndio mchango wake mkubwa, kwamba ongezeko hilo halikutokana na bakteria dhaifu kugeuka sugu ndani ya wagonjwa wakati wa matibabu. Koo zilizokuwa na kimeng'enya tangu mwanzo ndizo zilizosambaa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Dawa ilifanya kazi ya chekeche: iliwaondoa wengi na kuwaachia nafasi wachache waliokuwapo.

Methisilini, penisilini nyingine, ilitengenezwa isivunjwe na kimeng'enya hicho, ikaanza kutumika Uingereza takriban mwaka 1960. Mwaka 1961 Patricia Jevons aliripoti sampuli sugu kwayo. Kwa muda mrefu tukio hilo lilitajwa kama kielelezo cha bakteria kuijibu dawa mpya ndani ya mwaka mmoja. Uchambuzi wa jenomu za sampuli za zamani, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba ukoo wa bakteria hao sugu ulipata jeni ya mecA katikati ya miaka ya 1940, yaani muda mrefu kabla ya methisilini kuwapo. Jeni hiyo huunda kimeng'enya cha ujenzi kisichonaswa kwa urahisi na karibu beta-laktamu zote. Kwa hiyo penisilini ya kawaida yaelekea ndiyo iliyoipa nafasi. Jeni ndugu yake, mecC, imekutwa kwa wingi kwenye kalunguyeye wa Ulaya, ambao ngozi zao hubeba kuvu anayetengeneza beta-laktamu. Utafiti wa mwaka 2022 uliurudisha usugu huo hadi karne ya 19.

Mabadiliko mapya na hoja ya dozi

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba mabadiliko mapya yameonekana waziwazi. Ni kweli. Beta-laktamasi iitwayo TEM-1, iliyotambuliwa Athens katika miaka ya 1960, haikuweza kuvunja sefalosporini za kizazi cha tatu. Katika miaka ya 1980, baada ya dawa hizo kuenea, badiliko la asidi amino moja au mbili liliipa uwezo huo. Hata hivyo, aina hizo zilizobuniwa ndani ya hospitali zimepitwa na kundi la CTX-M, ambalo jeni zake zilihama kutoka kwenye kromosomu za Kluyvera, bakteria wa mazingira asiye tishio kubwa kwa binadamu. TEM-1 yenyewe ilionekana katika Haemophilus influenzae mwaka 1974 na katika bakteria wa kisonono mwaka 1976, ikisafirishwa na plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuhama kati ya bakteria. Nimokoki, bakteria wa nimonia, kwa upande wake, huokota vipande vya jeni za streptokoki wa kinywani na kuvishona ndani ya zake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kama usugu ni wa kale, basi matumizi yetu hayana hatia. Hoja hiyo inachanganya asili ya jeni na wingi wake. Jeni iliyokuwa nadra udongoni sasa imo matumboni mwa mamilioni ya watu, na kilichoifikisha huko ni tani za dawa zinazotumiwa kwa watu na mifugo, pamoja na usafi duni. Lakini matumizi peke yake hayatoshi kueleza kila kitu. Streptococcus pyogenes, chanzo cha maumivu ya koo kwa watoto, ametibiwa kwa penisilini kwa miaka 80 na bado hufa kwayo. Bakteria wa kaswende vilevile. Huenda hao hawajapata jeni inayowafaa.

Alexander Fleming alionya mwaka 1945, katika hotuba yake ya Nobel, juu ya dozi ndogo mno. Onyo hilo lina msingi kwa kidudu kinachotibiwa. Ila dawa inayomezwa kwa ajili ya koo huwafikia pia mabilioni ya bakteria wa utumbo, na dozi kamili huwachuja hao vilevile. Ikirefushwa bila sababu, huwachuja zaidi.

Karbapenemu

Imipenemu, mojawapo ya karbapenemu, iliidhinishwa mwaka 1985. KPC, kimeng'enya kinachoivunja, kilipatikana katika sampuli ya mwaka 1996 kutoka North Carolina. NDM-1, kinachotumia zinki, kiliripotiwa mwaka 2009. Watafiti wakakikuta baadaye hata kwenye maji ya bomba ya New Delhi.

Afrika Mashariki

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti wa mwaka 2001 na 2002 ulikuta kwamba watoto wenye bakteria wa damu waliobeba beta-laktamasi za wigo mpana, yaani zinazovunja hata sefalosporini za kizazi cha tatu, walikufa kwa asilimia 71, ikilinganishwa na asilimia 39 kwa bakteria wa jamii hiyo wasiozibeba. Klebsiella wenye NDM-1 walipatikana Nairobi katika sampuli za mwaka 2007 hadi 2009, yaani tayari walikuwa wodini kabla kimeng'enya hicho hakijapewa jina.