Zamu Ilipotoweka Final Fantasy

Mwaka 1987 kampuni ya Square ya Japani ilipotoa Final Fantasy ya kwanza, vita vyake vilikwenda kama bao: kwa zamu. Unawapa amri mashujaa wanne, mmoja mmoja, kisha unatulia uone matokeo. Mwaka 1991, kwenye toleo la nne, Hiroyuki Ito akaingiza saa. Ukizubaa kwenye menyu, adui anakutandika.

Hapo zamu haikufa, ilitiwa haraka tu. Toleo la 15 (2016) lilikuwa na mapigano ya papo kwa papo, na la 16 (2023) likamwachia mchezaji shujaa mmoja, Clive. Wenzake, ukimtoa mbwa wake, hawasikii amri yako.

Je, ilifaa? Mtayarishaji wa toleo hilo, Naoki Yoshida, ameeleza kwamba vijana wengi hawaoni raha ya kuchagua amri kwenye menyu. Sawa, lakini mbona mwaka huohuo Baldur's Gate 3, gemu ya zamu tupu, ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka?

Kwangu mimi kilichopotea siyo kusubiri, ni uongozi: nani aponye wenzake, nani ashambulie, dawa ya mwisho apewe nani. Final Fantasy VII Remake (2020) ilikilinda kitu hicho. Unapiga kwa mkono wako, ila ukifungua menyu muda unakaribia kusimama, nawe unaliamulia kundi zima. Mabadiliko ya namna hiyo nayaunga mkono. Yale ya 2023 yalinipa upanga mzuri, yakaninyang'anya kikosi.