Safu ya Lugha: Kupoza, si kupooza

Kwenye duka la vipuri karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, nimesoma kibao: “Maji ya kupooza injini.” Hapana! Aliyepooza hawezi kusogeza kiungo. Injini hupozwa, kama mama anavyopoza uji wa mtoto, na ikishapozwa hupoa. Mafundi husema kulanti, neno la Kiingereza lililokwisha kuzoea gereji zetu, nami silikatai. Ila kulanti yenyewe tusiiite maji. Maji matupu ya ziwa huleta kutu ndani ya rejeta, kulanti huizuia, tena huchemka kwa joto kubwa zaidi. Pikapu ya dagaa ikipungukiwa nayo njiani, isubiri ipoe ndipo ufungue kifuniko. Mvuke wake hubabua uso.