Kesi Iliyohamisha Dampo na Kuacha Risasi

Ukisikia udongo wenye metali nzito, haraka unafikiria Geita au North Mara. Sawa, lakini Dar nayo ina historia yake, na inaanzia Tabata. Mwaka 1988 wakazi waliochoshwa na moshi na harufu waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na nyumba zao. Wakashinda. Jiji likawa linaomba muda zaidi, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa: haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba, ilikuwa inavunjwa. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni kule Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi.

Shida ni kwamba amri ya mahakama inahamisha malori tu. Risasi na kadimiamu za kwenye betri na rangi haziozi kama maganda ya ndizi. Na hazina harufu, sasa unazijuaje? Kama migodini: unachota udongo wa juu, unaukausha, unauchekecha, unauchemsha kwa asidi, halafu unapima atomi zinavyofyonza mwanga, mbinu aliyoibuni Alan Walsh wa Australia miaka ya 1950. Chukua pia udongo wa mbali usioguswa na taka. Bila huo namba yako haisemi kitu, maana kila udongo una risasi kidogo ya asili. (Wanafunzi wengi husahau hapa!)

Na mchicha wa bondeni? Risasi nyingi huja na vumbi lililoganda kwenye majani, hivyo kuosha vizuri kunasaidia. Kadimiamu hupanda kupitia mizizi, hasa udongo ukiwa na asidi, na hiyo haitoki kwa maji ya bomba.