Msaada kwa wazee na wenye ulemavu: mkimbizi wa Naguru afahamu nini?

Wazee wengi huuliza iwapo kiwango cha kipato kimepandishwa ili nao wapate pesa za wazee. Jibu: nchini Uganda kipato siyo kigezo. Vigezo ni umri na uraia.

Pesa za wazee (SAGE)

Serikali ilianza mpango huu mwaka 2010 katika wilaya chache, kwa wenye miaka 65 na zaidi (60 kwa Karamoja). Ulipofika nchi nzima, umri uliwekwa miaka 80. Kiasi kilichopangwa ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Anayeandikishwa ni raia mwenye kitambulisho cha taifa, hivyo kadi ya mkimbizi haitoshi, hata kama huna kipato chochote.

Ruzuku kwa wenye ulemavu

Ruzuku hii ya serikali hupewa vikundi vyenye mradi wa kuingiza kipato. Haipewi mtu mmoja mmoja.

Chakula cha WFP

Tangu 2023 wakimbizi walio makambini wamegawanywa katika makundi kulingana na uhitaji wao. Ukiishi Kampala, kwa kawaida hauko kwenye mgao huo. Kabla ya kuhamia kambini kwa ajili ya chakula, uliza kwanza familia yako ingewekwa kundi gani.

Unachoweza kufanya

- Nenda ofisi ya wakimbizi ya OPM uombe ulemavu, ugonjwa wa kudumu au uzee wa kuishi peke yako uandikwe kwenye faili lako. Mashirika huangalia taarifa hizo yanapochagua watu wa kusaidia.
- Beba kadi ya mkimbizi au barua ya familia, pamoja na karatasi za hospitali.
- Kwa matibabu, nenda hospitali ya serikali ya Naguru. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa huko kama raia.
- Kama mzee hawezi kutembea, piga simu ya bure 0800 323 232 ueleze hali yake.

Jihadhari

Usimlipe mtu anayekuahidi kukuingiza kwenye orodha ya wazee. Kuandikishwa ni bure. Usikubali pia kutafutiwa kitambulisho cha Uganda kwa taarifa za uongo: ni kosa la jinai, na unaweza kupoteza ulinzi wako kama mkimbizi kwa ajili ya shilingi 25,000.