Ada ya Wakili Iliyoishia Kulipa Deni

Agosti 2025 ilitimia miaka 40 tangu Marekani iifanye ya kudumu sheria inayomwezesha mwananchi aliyeishinda serikali mahakamani kudai ada ya wakili wake. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea kuona anayeshindwa kesi akibebeshwa gharama za mwenzake, hataona ajabu. Lakini kule kwa kawaida kila upande hujilipia wakili, ushinde ushindwe. Kwa hiyo sheria hiyo, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1980, ilikuwa ukombozi hasa kwa mgonjwa aliyenyimwa mafao ya ulemavu, asiye na kazi wala akiba. Muda wake uliisha 1984, Rais Ronald Reagan akakataa kusaini muswada wa kuirefusha, na mwaka uliofuata akakubali. Serikali husamehewa ikithibitisha tu kuwa msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha. Mwaka 1993, katika kesi ya Schaefer, Mahakama ya Juu ilikubali kuwa hata mdai ambaye uamuzi wa kumnyima umefutwa na shauri lake kurudishwa lisikilizwe upya, huyo ni mshindi.

Ugomvi mkubwa ulizuka South Dakota. Wakili Ratliff alimshindia mteja wake kesi ya mafao, mahakama ikaamuru ada ya zaidi ya dola 2,100. Kabla fedha hazijatoka, serikali ikagundua kuwa mteja yule anadaiwa nayo, ikazikata kulipia deni. Wakili akaambulia patupu. Kwa miaka mingi serikali yenyewe ilikuwa ikiwalipa mawakili moja kwa moja katika kesi kama hizi, na mahakama ya rufaa ilimpa Ratliff haki. Tarehe 14 Juni 2010 Mahakama ya Juu ikatengua kwa kauli moja: Jaji Clarence Thomas aliandika kuwa sheria inampa ada mshindi wa kesi, si wakili wake.

Watetezi wa hukumu hiyo husema deni ni deni, na mteja amenufaika kwa kupunguziwa lake. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kilicholipiwa. Ada ni ujira wa jasho la wakili, na mteja mwenye madeni ndiye maskini hasa aliyekusudiwa na sheria. Wakili akijua ujira utakatwa, atamkwepa. Wengine husema wakili anaweza kulipwa hadi asilimia 25 ya malimbikizo ya mafao. Ni kweli, iwapo malimbikizo yatapatikana. Lakini akipokea ada zote mbili kwa kazi ileile ya mahakamani, sheria inamtaka arudishe iliyo ndogo kwa mteja. Serikali inapoikata ada iliyoamriwa kuilipa, hakuna cha kurudisha: mgonjwa anamlipa wakili kutoka kwenye mafao aliyocheleweshewa na serikali hiyohiyo.

Jaji Sonia Sotomayor aliunga mkono hukumu kwa sababu ya maneno ya sheria, lakini alieleza wazi kuwa matokeo yake yatawatatiza wahitaji kupata mawakili, na kwamba Bunge la Marekani ndilo linaloweza kurekebisha. Bunge hilo liandike sentensi moja tu: ada ilipwe kwa wakili aliyeifanyia kazi.